Pruitt na Donati za Alfajiri

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku mbaya. Vijana wawili tuliowachagua kwenye drafti ya Juni, ule uteuzi wa wachezaji wapya wa mpira wa kikapu, wameanza mazoezi nasi hapa Louisville. Kolb, mrefu kama mlingoti, hanisumbui. Anacheza chini ya kikapu na bado hajui miguu yake iko wapi. Balaa ni Pruitt. Miaka kumi na tisa, na anacheza nafasi yangu hasa! Leo kanipita kama nimesimama foleni. Kocha Hanrahan akatabasamu. Tangu nimjue hajawahi kutabasamu.

Na Mama anakuja mechi ya ufunguzi. Macho yamekwisha, uwanja hauoni tena. Anakuja kusikia jina langu tu, taa zikizimwa na mtangazaji akiwaita watano wa kuanza. Kwenye simu alisema huenda ikawa mara yake ya mwisho, mwili umechoka. Lazima nianze. Lazima.

Jumanne, 15 Oktoba

Dawa nimeipata. Kwetu chipukizi huwatumikia wakongwe: hubeba mabegi, huleta donati. Nimemwamuru Pruitt donati ziwe ukumbini kabla hakujapambazuka, kila siku. Asipolala, miguu itakuwa mizito. Akanijibu, "Sawa, kaka mkubwa." Kaka mkubwa! Hajui kinachomjia.

Ijumaa, 18 Oktoba

Msiba. Kumbe Kocha naye hufika alfajiri! Hukutana na Pruitt mlangoni, wanakula donati zangu, kisha wanafanya mazoezi ya kurusha mpaka sisi tufike. Sasa kijana hakosi kikapu. Leo Kocha akauliza mbele ya wote ni mkongwe gani aliyebuni jambo zuri namna hii. Nikainama kufunga kamba za viatu. Kolb akaninyooshea kidole. Nikapigiwa makofi. Wengine walicheka hadi machozi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kikosi kimebandikwa. Pruitt anaanza, mimi benchi. Kocha kaniita pembeni, kasema nimeitumikia timu vizuri, sasa kazi yangu ni kumlea kijana. Kumlea! Nimeingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Mama sijamwambia. Nianzie wapi?

Jumatano, 23 Oktoba, mchana

Leo ndio leo. Kocha hana msamaha: ukikosa kupasha misuli na wenzako, huanzi. Na basi la Mama kutoka Paducah linaingia karibu na saa hiyo hiyo. Nimemtuma Pruitt kituoni akampokee. Chipukizi hakatai. Mama hutembea taratibu, na njiani husalimia kila kitu, hata nguzo. Kwaheri, Pruitt!

Alhamisi, 24 Oktoba

USHINDI!

Mwanzoni nilikata tamaa. Basi liliwahi, na Pruitt akaingia ukumbini kwa wakati, Mama kamshika mkono. Akamkalisha kitini, akaenda kunong'ona na Kocha. Kocha akanijia, uso umekunjamana. Akasema nitaanza mimi, kwa usiku huu tu, kijana ameomba.

Taa zikazimwa. Jina langu likaitwa. Mama alisimama akilia, uso kaugeuzia upande sio, anapiga makofi kuelekea milangoni. Sijapata kufurahi hivyo maishani.

Mechi yenyewe, si haba. Kila nilipoushika mpira niliupoteza, Kocha akanirudisha benchi mapema, Pruitt akaingia, tukashinda.

Baadaye Mama kaniambia kwamba njiani kijana alimuuliza habari zangu zote, naye akamweleza alichokuja kusikia. Pruitt akaomba ambebee begi. Mama anasema huyo amelelewa vizuri, eti nimshukuru.

Masikini Mama, hawajui watu! Mimi nimeelewa. Kijana ameniogopa. Nimemtuma kituoni, akaona sina mchezo, akaiachia nafasi mwenyewe. Kosa langu tangu mwanzo ni kumlegezea.

Sasa namkaza. Kuanzia kesho donati ziwe ukumbini mapema zaidi.