Ndotoni Hawavai Viatu

Jumatatu, tarehe 9

Nimetoka kwa daktari wa usingizi. Kasema ugonjwa wangu wa kusinzia ghafla si uvivu. Mke wangu kasikia kwa masikio yake! Mimi nikifumba macho tu, naingia ndotoni bila hata kupiga hodi, na ndoto zangu zina hisia nzito: hofu, hasira, furaha. Nikiamka, hisia zinabaki. Tena nikicheka sana, magoti hulegea. Kwa hiyo nisiamini kila ninachokumbuka.

Mke wangu akatoa agizo. Kabla sijamgombeza au kumshukuru mtu, nimpigie simu kwanza, aniambie kama jambo lilitokea kweli. Mume mzima aombe ruhusa ya kukasirika! Nimekubali kwa mdomo.

Dukani hawajui, na wasijue. Bosi anatafuta msimamizi wa duka zima la fanicha. Tunaogombea ni wawili: mimi wa vitanda, na shemeji, kaka wa mke wangu, wa mito na mashuka. Mtu wa mito!

Jumanne, tarehe 10

Mbinu mpya. Usingizi ukija, najilaza kwenye kitanda cha maonyesho, bei nimejibandika kifuani, kama tangazo. Imejibu! Bibi na bwana mmoja wamenitazama nikikoroma, wakanunua godoro lile lile. Bosi kafurahi. Shemeji kanirushia mto usoni, kama kawaida yake. Wivu.

Mchana nikamwona shemeji akiuza kitanda changu, nami nikiwa juu yake. Nimeamka na hasira ile ile. Simu sikupiga. Nimemwaga chai yake kwenye ndoo ya deki, nikamtaka aombe radhi. Akauliza kosa lake. Nikamwambia analijua. Akaomba radhi. Basi kosa lipo!

Nyumbani mke wangu kaninunia. Eti kaka yake mchana kutwa alikuwa stoo.

Jumatano, tarehe 11

Bosi kanipa usimamizi! Kanikumbatia, nimelia kwa furaha. Machozi yalikuwa hayajakauka nikaenda kukalia kiti cha msimamizi, nikaamuru sofa zote zigeuziwe ukutani, zipendeze kwa nyuma. Wapagazi wakageuza.

Bosi akaingia, akauliza duka limemnunia nani. Kumbe hakunipa kitu. Shemeji akadakia kwamba tunafuta vumbi migongo ya sofa. Kujipendekeza tu.

Lakini penye msiba nimeokota hekima. Bosi wa ndotoni alikuwa peku. Shemeji wa jana, peku vilevile. Ndotoni mwangu hakuna avaaye viatu! Simu ya nini tena? Nitakuwa natazama miguu.

Alhamisi, tarehe 12

Shemeji kasimulia kisa cha mteja aliyeingia kabatini kupima nafasi, mlango ukamfungia. Nimecheka hadi magoti yakaniacha. Puu, miguuni pa bosi! Hila zake, aniaibishe mbele ya watu. Shemeji akasema nimeteleza, sakafu ina majimaji. Nikiwa pale chini nikakagua: viatu vya shemeji, viatu vya bosi. Vyote vipo. Aibu ni ya kweli, basi.

Ijumaa, tarehe 13

Ole wangu.

Bosi kaniita chumba cha mazulia. Akasema, "Nimekuchagua wewe. Shemeji yako mwenyewe ndiye aliyekupendekeza."

Nikatazama chini. Bosi peku! Vidole vinachezea zulia. Halafu shemeji anipendekeze mimi? Ndoto tupu. Nikaona nijinafasi. Nikampapasa bosi upara. Nikamwambia tai zake zinafukuza wateja, na duka hili akiachiwa mbuzi litauza zaidi. Shemeji abebe makabati. Bosi akauliza kama niko sawa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, naamka sasa hivi, nikajilaza.

Kutoka pale chini nikaviona viatu vyake, vimepangwa mlangoni chini ya kibao: VUA VIATU, MAZULIA MAPYA. Hofu ikanimaliza magoti. Afadhali nilikuwa nimeshalala.

Jumamosi, tarehe 14

Msimamizi ni shemeji. Kazi sijafukuzwa, kwa sababu kambembeleza bosi na kumweleza ugonjwa wangu wote. Nimetengewa hata kitanda cha kupumzikia nyuma ya stoo. Kumbe alikuwa anajua muda mrefu. Ile mito aliyonirushia ilikuwa ya kuniamsha, kila bosi alipokaribia.

Nimeona aibu, aibu hasa. Nilitaka kumshukuru. Nikasema kesho.

Jumapili, tarehe 15

Shemeji kaja kutusalimia. Mke wangu kanikalisha sebuleni nimwombe radhi kaka yake. Nikasema labda bosi atabadili mawazo.

"Mume wangu, cheo kimeenda," akasema. "Umekipoteza kwa mdomo wako mwenyewe, na hii si ndoto."

Moyo ukaniuma. Nikainamisha kichwa kwa huzuni, macho yakatua mkekani. Miguu ya mke wangu, peku. Miguu ya shemeji, peku. Sebule nzima haina kiatu hata kimoja!

Furaha iliyoje! Nimecheka hadi nikaporomoka kitini. Mke wangu anauliza nacheka nini. Mtu wa ndotoni haelezwi. Shemeji kaniwekea mto chini ya kichwa, nikamwachia tu, maskini, hajui kama hayupo.

Kesho nikiamka nawahi dukani. La kwanza ni zile sofa: zirudi ukutani.