Panya Kumi na Moja wa Korongo la Mahoe

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili kanunua Rona, mke wangu. Kasema niandike humu yanayonikera badala ya kumweleza yeye wakati anasikiliza redio. Sawa. Niliacha shule nina miaka kumi na tatu, na tangu hapo kalamu nimeihitaji kutia alama kwenye mabomba tu. Miaka arobaini na moja nimechimba mitaro ya Wellington. Mvua ikinyesha usiku na asubuhi ukaamka kitanda chako kikavu, nishukuru mimi.

Kero ya leo ni ubao. Upo langoni mwa Korongo la Mahoe, hapa nyuma ya nyumba. Kila mkazi anayetega panya korongoni na idadi aliyonasa tangu Januari. Ngaire Hohepa, 9. Des Pocknall, 2.

Ngaire alikuwa mwalimu mkuu. Ana mitego ya upande wa kijito, mimi ya upande wa juu, kumi na miwili, miaka saba sasa. Kijito kile tulikitoa magodoro kumi na manne na friji moja. Tukang'oa magugu, tukapanda miti. Mimi ndiye niliyejenga ngazi. Halafu ubao unanisema mbili.

Ngaire alipita nikiwa nautazama. Akasema, Desmond, panya wako wamehama au wamekuchoka? Yeye peke yake ananiita Desmond. Kama ananiita kwenye orodha ya mahudhurio.

Barua ya jiji imefika. Aya tatu. Ya kwanza: mwisho wa mwezi wataleta ndege, toutouwai arobaini, kutoka misitu ya mbali, wawaachie korongoni kwetu. Ya pili: sanduku la kwanza la ndege atafungua mtegaji aliyelifanyia korongo kazi kubwa kuliko wote. Ya tatu sikuisoma. Ukishapata habari ya maana, hakuna haja ya kuyachosha macho.

Rona alinisomesha aya ya kwanza mara mbili. Kakulia kambi ya wakata mbao. Anasema toutouwai walikuwa wakija kudonoa kamba za viatu vyake akiwa mtoto. Kandege kadogo ka kijivu, miguu kama njiti za kiberiti. Ni miaka sitini sasa hajamwona hata mmoja. Magoti yake hayampeleki tena msituni. Korongoni, kwa ngazi zangu, yatampeleka.

Nitalifungua sanduku hilo mimi, naye akiwa pembeni.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda Wainuiomata kwa shemeji Wattie, kaka yake Rona. Wattie ana banda la kuku, na chini ya banda ana panya. Wanene, manyoya yanang'aa. Panya wa kukupa heshima.

Kaniuliza nawataka wa nini. Nikamwambia utafiti. Akacheka hadi akashika ukuta. Akasema, wewe Des, maelekezo ya birika huyasomi, leo umekuwa mtafiti? Lakini mtego wake unafanya kazi, na mtaro wake umeziba, basi tukaelewana. Nimezibua mtaro. Nimerudi na panya kumi na watano kwenye makopo mawili ya aiskrimu. Wako kwenye friza, nyuma ya mkate.

Jumatatu, 10 Machi

Watano wa kwanza wameyeyuka vizuri kwenye jua la kibanda. Nimewapeleka kama nimewatoa mitegoni, nikawatia kwenye mfuko wa jiji wa kukusanyia mizoga pale langoni, nikaandika ubaoni kwa mkono wangu: 7. Ngaire wiki hii kapata mmoja, ana 10. Kautazama ubao, kanitazama mimi, kasema, Desmond, umeamka.

Nimeamka, ndiyo. Nimekula mayai matatu.

Alhamisi, 13 Machi

Balaa dogo. Ngaire kaja kunywa chai. Rona kaoka matunda ya feijoa, akataka kuyatia aiskrimu juu. Kafungua kopo.

Namsifu mke wangu. Hakupiga kelele. Kaangalia ndani muda mrefu, kafunika, kasema aiskrimu imeharibika, tutakula hivi hivi. Ngaire akasema hata vizuri, daktari kamkataza.

Ngaire alipoondoka, Rona akaweka kopo mezani. Nikamwambia ni ushahidi. Akauliza ushahidi wa nini, nikasema bado haujakamilika. Akasema, Des, friza ni yangu. Ama wao wahame, ama uhame nao.

Nimewahamishia chini ya njegere.

Jumatatu, 17 Machi

Ushindi. Sita kwa mpigo. Pocknall 13, Hohepa 10. Nimeiandika 13 kwa kukandamiza chaki, isomeke kutoka barabarani.

Ila Sefina kaja na gari la jiji. Sefina Leavasa, afisa wa bustani, binti mzuri, wazee wote anawaita mjomba. Nikasimama kando ya ubao nipongezwe. Hakunipongeza. Kaushika mfuko, kashika kichwa. Akasema, mjomba, kumi na mmoja kwa wiki mbili? Nikasema ndiyo, na bado. Akasema nisiseme bado. Kaondoka na mfuko mbio.

Vijana hawajui kufurahi.

Jumatano, 19 Machi

Sefina kapita kila nyumba yenye mtegaji. Kasema panya wakizidi sita mwezi huu, ndege hawaji. Panya hula mayai, hula na mama juu ya mayai. Korongoni pamevamiwa, hao toutouwai watapelekwa Korongo la Totara, upande wa pili wa mlima. Nikauliza sheria hiyo kaitoa wapi. Akasema, mjomba, iko kwenye barua, aya ya tatu.

Ngaire alikuwa hapo. Kavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Sikuona uchafu wowote.

Rona nilimwambia mimi. Kazima redio, na kipindi chake hakijaisha.

Totara! Watu wa Totara hawajang'oa hata gugu moja. Wana benchi moja na wanalitangaza.

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi nimeufuta ubao kwa kitambaa kibichi na kuandika 2. Ngaire ana picha ya ubao kwenye simu. Akasema, Desmond, ubao wako umekonda ghafla.

Nikampigia Sefina nikamwambia wale panya walikuwa wapita njia. Wanatoka bandarini wanaelekea mashambani, hufanya hivyo kila baada ya miaka kadhaa, mimi mtu wa mitaro nawajua. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akasema wamewapasua matumbo. Wote wamejaa chakula cha kuku. Hapa jirani kuna banda linalonenepesha panya, na nyumba inayopakana na korongo yenye kuku ni moja tu.

Ya Ngaire. Ana kuku watatu.

Nimefurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kikombe cha pili hakikupita. Kuku wale wana majina. Mmoja, yule mwekundu, humfuata hadi kituo cha basi.

Ijumaa, 21 Machi

Wamekagua kwa Ngaire. Chakula chake anakiweka kwenye pipa la bati lenye mfuniko na jiwe juu, hakuna tundu. Lakini atapata wapi wa kumwamini, panya kumi na mmoja wamekutwa na matumbo yamejaa. Majirani wameanza kumsalimia kwa kifupi. Mimi nimemsalimia kwa kirefu, akashangaa.

Kesho kuna mkutano kwenye kilabu ya bowls, ule mchezo wa kuviringisha mipira. Nimekaa kibandani kutwa. Nimewaza mipango mitatu. Wa kwanza unahitaji ngazi ndefu. Wa pili unahitaji Wattie anyamaze, haiwezekani. Wa tatu sitaki kuuandika.

Rona kaniletea chai. Kasema ameyahesabu yale makopo. Yalikuwepo mawili, sasa ni moja. Halafu akasema anaposikia redio siku hizi anasikia tu kelele, alikuwa ameshajiweka tayari kusikia ndege. Kaondoka polepole, mkono ukutani.

Jumamosi, 22 Machi

Watu thelathini. Sefina mbele na majalada yake. Ngaire kasimama, mgongo wima kama yuko mbele ya darasa. Akasema hajui kosa lake liko wapi, lakini korongo kwanza. Kuku atawagawa Jumatatu. Akaomba jiji lisubiri mwezi mmoja kabla ya kuwapa Totara ndege. Sauti ilimkatika kwenye neno Totara.

Rona alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Hakunitazama. Kama angenitazama ningekaa, mimi sipendi kushurutishwa.

Nikasimama. Nikaenda mbele na kopo la aiskrimu, nikaliweka mezani, nikafungua. Wanne wa mwisho, wameganda, mikia juu.

Nikasema hawa ni wa Wainuiomata. Wale kumi na mmoja pia. Wamezaliwa kwa Wattie, wamekula vya Wattie, wamefia kwa Wattie. Nikasema Bi Ngaire aachwe na kuku wake. Nikasema kwenye mitego yangu hajaingia panya hata mmoja tangu Januari ukiacha wale wawili, na mmoja kati ya hao alikuwa mzee sana. Ni aibu yangu lakini ndivyo ilivyo.

Mtu nyuma akauliza kama hiyo ni vanila. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Ngaire hakucheka. Akasema, Desmond, umetembeza panya kwa gari kuvuka mlima, kuwaleta mahali ambapo sisi tumetumia miaka saba kuwaondoa. Nikasema walikuwa wamekufa. Akasema hilo ndilo linalomfanya asinipige.

Sefina akafungua jalada, akatoa karatasi. Akasema, mjomba Des, jina la kufungua sanduku la kwanza liliandikwa mwezi uliopita. Lilikuwa lako. Mitego kumi na miwili, panya wawili tu, hakuna mstari mwingine msafi hivyo. Panya hawapo kwa sababu uliwamaliza. Hiyo ndiyo kazi kubwa tuliyoisema. Tuliieleza kwenye barua.

Sikuuliza aya ya ngapi.

Uamuzi: wataweka karatasi za wino kwenye vijisanduku korongo zima, wiki mbili. Panya akipita, nyayo zitaonekana. Zikiwa safi, ndege watakuja. Sanduku la kwanza atafungua Ngaire.

Njia nzima ya kurudi Rona kanishika mkono. Kasema ni kwa sababu ya magoti.

Jumapili, 6 Aprili

Karatasi zimesomwa. Nyayo za kalunguyeye mmoja. Nyayo za paka wa padri. Kwenye sanduku la saba, dole gumba la mtu mzima, nilikuwa nahakikisha kama wino ni mzuri.

Panya, hakuna. Upande wangu wala upande wa Ngaire.

Sefina kapiga simu mwenyewe. Rona ndiye aliyepokea. Kasema asante mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimembeba Rona ngazi tano za mwisho. Kasema anaweza mwenyewe. Nimembeba.

Watu wamejaa korongoni hadi kwenye daraja. Wazee wa kabila la wenyeji, waliowasindikiza ndege kutoka ile misitu ya mbali, waliwakabidhi kwa lugha yao, Ngaire akajibu kwa lugha hiyohiyo. Kisha akapiga magoti na kufungua sanduku.

Hakutoka kitu. Ngaire akainua uso akaniita. Desmond, njoo hapa, wewe ndiye fundi wa mashimo. Nikapiga magoti kando yake, nikagonga sanduku kwa kucha. Kandege kakatoka kama mshale hadi kwenye tawi la mti wa mahoe, kakatutazama kama sisi ndio tulioletwa.

Dakika ishirini baadaye Rona kwenye kiti chake akanong'ona nisisogee. Kalikuwa chini. Miguu ya njiti. Kakaruka mara mbili, kakapanda kiatu chake, kakadonoa kamba.

Machozi yalimfika Rona kidevuni hakuyafuta, asije akakashtua.

Naandika hapa kwa ajili ya kumbukumbu kwamba ndege alikuwa akielekea kiatu changu. Rona alikuwa njiani.

Jumatatu, 28 Aprili

Ubao mpya langoni. Sasa tunahesabu ndege. Kila mtu asikilize upande wake, aandike. Hohepa 6. Pocknall 3.

Sita! Ngaire anawaita kwa kuchakura majani kwa fimbo, wadudu watoke. Huo ni ujanja wa wazi kabisa, na Sefina hasemi kitu. Alhamisi Sefina atakuja kuhesabu mwenyewe, kwa sikio, mstari kwa mstari.

Nimejifundisha mluzi wao. Wiki nzima kibandani. Rona alinisikia akiwa jikoni, kafungua dirisha, kasema masikini, huyo kaumia. Sasa umenyooka. Alhamisi nitakaa nyuma ya ule mti mkubwa wa mahoe juu ya ngazi, nitapiga huku, nitahama, nitapiga kule. Nakadiria tisa.

Leo nimejaribu palepale. Nilipiga mara moja. Mmoja akajibu juu ya kilima, akaja mbio kwa hasira, akatua kwenye kiatu changu na kuanza kunigombeza. Kaamini kabisa. Kama yeye kaamini, Sefina ni nani?

Jiji limeleta barua ya maelekezo ya kuhesabu. Aya nne. Nimesoma mbili.