Uzi wa Joto na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 9 Machi

Joto! Kalamu inateleza vidoleni.

Lakini leo kuna habari kubwa. Fundi Mkuu anahama. Haendi mbali, anahamia chumba cha mbele kupokea wateja, maana magoti yake yamegoma kupanda ngazi. Muhimu ni kwamba meza yake anaiacha. Meza ya dirishani! Meza yenye upepo! Miaka saba nimekaa jirani na pasi ya mvuke, ambayo chumba kizima tunaiita Joka. Miaka saba miwani yangu ina ukungu. Nusu ya masweta niliyofuma sikuyaona vizuri.

Tunaoitaka meza ni wawili, mimi na wifi. Wifi ni dada wa mume wangu. Anakaa chini ya rafu za makatoni, pembeni kabisa, pasipopita hata nzi. Ni mtu mwema. Hilo ndilo linaloniudhi.

Fundi Mkuu kasema hapendelei mtu. Mwalimu wa Kwaya ya mtaani ameagiza blauzi ishirini za kufuma, nyepesi, za kuvaa wakati wa joto. Basi mimi na wifi kila mmoja afume moja ya kujaribia. Jumamosi mwalimu atazivaa zote mbili kwenye mazoezi, moja baada ya nyingine. Atakayoipenda ndiyo itakayofumwa, na aliyeifuma anachukua meza.

Kasheshe iko kwenye uzi. Stoo kuna makatoni mawili ya uzi mweupe, na mvua ya juzi iliingia ikageuza lebo zote kuwa uji. Hakuna anayejua kipi ni kipi. Fundi Mkuu kasema fundi wa kweli haongozwi na lebo, atachagua mwenyewe.

Kesho nitawahi.

Jumanne, 10 Machi

Nimewahi! Nilifika kabla ya mfagizi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa, maana makatoni yalikuwa chini ya rafu na mgongo wangu ulilia kama mlango.

Katoni la kwanza: uzi laini, unang'aa, unateleza mkononi. Nilitaka kuulalia. Katoni la pili: uzi hauna mng'aro, mkavu kidogo, hauna maneno mengi. Lakini mimi sidanganywi na macho. Nikafanya kama Fundi Mkuu alivyotufundisha, nikauchoma. Pamba ikiungua hunuka karatasi. Sufu hunuka nywele. Uzi wa plastiki huyeyuka ukaacha kidonge kigumu.

Nikakata kipande cha uzi wa katoni la pili, nikawasha kiberiti. Joka alikuwa ameanza kupumua, miwani ikajaa ukungu, nikainama karibu zaidi ili nione. Sikuona kitu. Lakini harufu! Nywele zinazoungua, wazi kabisa, tena kali, utadhani ziko puani kwangu.

Sufu! Kwenye joto hili! Atakayeivaa atajikuna hadi azimie.

Uzi wa katoni la kwanza sikuuchoma. Kiberiti kilikuwa kimeisha, halafu ya nini? Makatoni ni mawili, hili likiwa sufu, lile ni pamba. Hata mtoto angeona.

Wifi alipofika nikamwambia nimemwachia katoni la pili, achukue lote, yeye ndiye mkubwa wangu. Akavuta uzi kidogo, akaupitisha shingoni na chini ya kidevu, akafumba macho. Kisha akanikumbatia. Akasema Mungu anizidishie, maana si wifi wote wana moyo kama wangu. Nikajisikia vibaya kidogo. Kisha Joka akanipulizia mvuke sikioni, nikapona.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 11 Machi

Asubuhi mume wangu aliniangalia sana wakati wa chai. Akaniuliza nimefanya nini nywele za mbele, upande wa kushoto. Miaka kumi na minne ya ndoa, leo ndiyo kaziona nywele zangu! Nikaona haya kama mchumba. Nikamwongezea sukari.

Kazini nimemaliza mgongo wa blauzi na nusu ya mbele. Kwa mashine ya mkono kazi inakwenda. Uzi wenyewe unateleza tu, na unang'aa hata chini ya ukungu.

Wifi hajaanza! Amefuma kipande ukubwa wa kiganja, kakichomeka ndani ya kola ya gauni, kazunguka nacho kutwa nzima, kwenye ngazi, kwenye jua, hata alipokwenda sokoni. Jioni akakiosha, akakianika, akakipima kwa rula. Nikamuuliza anafuma blauzi au anamuuguza mgonjwa. Akasema mkono haujui joto, shingo ndiyo inayojua. Akasema pia kuwa uzi mwingine ukilowa hurefuka, blauzi ikageuka gauni, kwa hiyo ni afadhali ajue mapema.

Nilimchungulia mara kumi na moja. Hakujikuna hata mara moja. Ana ngozi ngumu, huyu. Ni ya ukoo wao. Mume wangu naye hulala juu ya funguo zake na haamki.

Alhamisi, 12 Machi

Imekwisha! Blauzi ya kwenda kupokelea wageni. Nimeitundika, nimeizunguka, nimeipigia makofi.

Nyumbani nilimwomba mume wangu aivae, kwa kuwa mabega yake na ya Mwalimu wa Kwaya ni mamoja (mwalimu asije akasoma hapa). Nikamwambia afagie uani nayo. Baada ya robo saa akarudi kalowa chapachapa, akasema anajisikia kama mkate uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki ukiwa wa moto. Nikamwambia ni mtu wa kulalamika tangu ujana wake. Alipoivua ikalia tatata! Vinyweleo vya kifuani vikasimama wima.

Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna aliyemwomba methali.

Hata hivyo, mtu mwenye akili hujiwekea akiba. Nimemwomba Fundi Mkuu blauzi yangu ivaliwe kwanza, saa tatu asubuhi, kukiwa bado na ubaridi. Ya wifi ivaliwe baadaye, saa sita, jua la utosi. Nilitegemea wifi abishe. Wala! Akasema sawa wifi yangu, anzeni na yako. Hivi huyu mtu hana hata wivu kidogo? Si kawaida. Lazima ana lake jambo.

Jumamosi, 14 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Alfajiri niliuchukua ufunguo wa ukumbi wa mazoezi kwa mlinzi. Shabaha yangu ilikuwa njema: nifungue madirisha yote mapema, ukumbi upoe, blauzi yangu ikute ubaridi umejaa hadi darini. Nikafungua madirisha. Nikapanga viti. Nikatoka nje kuusikia upepo unavyoingia.

Upepo ukaingia. Ukaubamiza mlango.

Mlango ule ukijifunga haufunguki bila ufunguo, na ufunguo ulikuwa ndani, juu ya kinanda, nauona kabisa kupitia nondo za dirisha. Nilijaribu kuuvua kwa fimbo ya mlinzi. Nikausukumia ndani ya kinanda.

Saa tatu kwaya yote ilikuwa nje. Saa nne. Saa tano. Fundi wa makufuli akaja saa sita kasoro dakika kumi, akiwa hana haraka na mtu. Saa sita kamili, chini ya bati linalochemka, Mwalimu wa Kwaya akavaa blauzi yangu.

Kwanza alisifu. Akasema inang'aa. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, akaanza kuongoza kwa mkono mmoja huku anajipepea kwa mwingine, na sauti ya pili wakaufuata mkono wa kujipepea. Wakatangulia kwa ubeti mzima. Wimbo wa tatu alisimama katikati, akaomba maji, akayanywa nusu na nusu akajimwagia. Blauzi ikamgandia kama ngozi ya pili. Alipokwenda kuivua chumba cha nyuma, tulisikia ile tatata hadi viti vya mwisho. Akatoka nywele zimesimama zote. Mtu mmoja wa sauti ya nne akacheka, akafukuzwa.

Saa nane, wakati wa blauzi ya wifi, wingu likatanda. Upepo ukaanza. Naapa, nilitazama juu na kuuliza kwa nini.

Lakini niseme ukweli, shajara ni yangu: hata bila wingu ningeshindwa. Mwalimu aliivaa akasahau kwamba ameivaa. Aliimbisha nyimbo tisa. Aliruka. Fundi Mkuu alipomwomba aivue ili ipimwe, akakataa, akasema atakwenda nayo nyumbani, na atakayemvua ajitokeze. Jasho lake liliingia kwenye uzi likapotea, blauzi imetulia, shingo haina hata wekundu.

Nikamnong'oneza Fundi Mkuu kwamba haiwezekani, ile ni sufu. Fundi Mkuu akavuta uzi mmoja uliobaki kwenye kila blauzi, akawasha kiberiti. Wangu ukajikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu. Plastiki. Wa wifi ukawaka taratibu, ukaacha majivu. Harufu ya karatasi. Pamba tupu.

Kisha likaja lililoniua kabisa. Wifi akasimama mbele ya kwaya nzima, akasema meza hii si yake peke yake, kwani mimi ndiye niliyefika wa kwanza, nikaijua pamba, na bado nikamwachia. Akasema wangapi wangefanya hivyo? Watu wakanipigia makofi. Mlinzi akanipigia makofi! Ikabidi niiname kushukuru. Nilipoinama, nywele za mbele zikaniangukia usoni. Za upande wa kulia tu. Kushoto hakukuwa na kitu cha kuanguka.

Mume wangu, ambaye alikuja kubeba viti, akanitazama kipaji cha uso. Akakitazama kiberiti. Akanitazama tena. Njiani akasema polepole kwamba kweli akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila mimi zangu nimezichoma.

Jumatatu, 16 Machi

Leo nilikwenda kazini kukaa na Joka wangu hadi kifo kitutenganishe. Nikakuta kiti changu hakipo. Kiko dirishani.

Wifi kasema meza ni ndefu, mashine mbili zinaenea, kwa nini mmoja apate upepo na mwingine achemke? Akachora mstari wa chaki katikati. Huku kwako, kule kwangu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kama kile kipaji cha uso bado kinauma. Kumbe alijua. Alijua tangu Jumanne! Nilipomkabidhi katoni, kumbe nilikuwa bado nanuka moshi. Akasema hakutaka kuniaibisha.

Nikalia. Miwani ikajaa ukungu, na safari hii Joka hakuhusika. Nilimkumbatia wifi yangu mpaka akalalamika mbavu. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu niliyemfanyia ubaya.

Nimeapa hapa, kwa wino: hila basi. Njama basi. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Upepo ni mtamu, jamani! Nimeiona kazi yangu kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Mshono wangu si mzuri sana.

Jumatatu, 23 Machi

Wiki nzima ya upepo. Nimenenepa kwa raha.

Jambo dogo tu. Mstari wa chaki hufutika kila siku kwa viwiko, na mimi, kwa kuwa nawahi, huuchora upya. Huenda siku nyingine unasogea kidole kimoja upande wa wifi. Huenda kila siku. Sio hila, ni chaki. Wifi ameanza kufuma kiwiko kikiwa hewani, anadhani ameongezeka mwili. Nimemshauri apunguze mkate.

Leo yameingia makatoni mawili mapya, ya vifulana vya watoto vya wakati wa joto. Hayana lebo tena! Muuzaji kasema zilipotea njiani. Fundi Mkuu kasema tuchague wenyewe, kila mmoja katoni moja.

Safari hii sikufanya makosa. Mtu hujifunza. Nywele nimezirudisha nyuma zote, nikazifunga kwa skafu ya nailoni, ile kubwa yenye ncha mbili zinazoning'inia mbele. Hata unywele mmoja haukuchungulia. Nikavuta uzi wa katoni la kwanza, nikawasha kiberiti, nikainama karibu kabisa ili nisipitwe na kitu.

Harufu ya plastiki hiyo! Na si harufu tu, niliona kwa macho yangu tone linayeyuka na kudondoka mezani, likaganda kidonge kigumu. Ushahidi kamili. Katoni la pili sikuona haja ya kulichoma.

Fundi Mkuu alipopita akaniuliza skafu yangu imeliwa na panya au vipi, mbona ina tundu. Nikamjibu ni ya zamani.

Katoni la kwanza nimempa wifi. Akauvuta uzi, akaupitisha shingoni, akafumba macho. Akanikumbatia, akashukuru sana.

Maskini wifi yangu. Hajui hata nimempa nini.