Maadui Arobaini Waliopotea Gazetini

Izigo, 12 Novemba 1946

Kwa Bwana Mhariri,

Jumamosi iliyopita, tarehe 9, gazeti lako lilipofika, nilipoteza maadui arobaini. Mimi ni Kaijage, mkulima wa kahawa, miti 612, yote niliipanda kwa mkono wangu. Kuhesabu najua. Maadui hao walikuwa wa Buberwa, askari aliyerudi kutoka Burma, mchumba wa binti yangu Kokubanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka 1944 mlichapa shairi lake: "Adui arobaini, niliwapiga porini." Mwaka 1945 mkachapa la pili, adui kumi na wawili, tena wanakimbia. Sasa la tatu: "Buti zimeota nyasi, namlilia Gervasi." Adui hakuna hata mmoja. Kwa mwendo huu, shairi la nne litasema vita havijaanza.

2. Kwa ajili ya wale arobaini nilimkataa Ishengoma, karani wa Muleba, mtu mwenye baiskeli.

3. Harusi ni tarehe 30, kabla ya Majilio. Kwetu Wahaya bwana harusi husimama mbele ya wakwe, mkuki mkononi, akajigamba. Watu 140 watamsikiliza, na shemeji yangu Kagaruki wa Hamugembe hucheka kwa tumbo zima. Je, mtu huinua mkuki akasema buti zimeota nyasi? Nimejaribu mwenyewe nyuma ya nyumba. Mkuki ulifika kiunoni ukakataa.

4. Nilimwita Buberwa anieleze. Alijibu kwa adabu: "Baba, wale arobaini niliwaandika tukiwa bado melini. Nilipofika vitani niliona mvua, na mwenzangu Gervasi akafa nimemshika." Nikamwambia hayo angeyaacha hukohuko.

Kwa hiyo naomba mtangaze kwamba shairi la tatu ni la Buberwa mwingine, wako wengi. Ikishindikana, rudisheni adui thelathini tu, mimi si mtu wa tamaa. Hilo nalo likiwa gumu, iandikieni Serikali itoe hati yenye idadi na mhuri.

Nisalimieni wapiga chapa wote, na mama wa nyumbani kwako, na yule anayefungua barua, maana ndiye wa kwanza kuchoka nami.

Ni mimi, mwenye haki yake,
Kaijage

N.B. Mke wangu Clotilda amenisomea tena lile la tatu, polepole. Mwaka 1917 nilichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Miaka ishirini na tisa nimejigamba kwamba niliteka bunduki saba. Bwana Mhariri, nilibeba masufuria, na ndugu yangu Mushumbusi nilimwacha kwenye matope, sijapata kumtaja. Yaliyo juu yafute. Kijana atasema shairi hilohilo mbele ya watu, nami nitasimama kando yake. Kagaruki na acheke. Nataka nakala sita za gazeti hilo. Zipo au hazipo? Nijibu kabla ya Ijumaa tarehe 22, saa sita mchana.