Kengele, Biskuti na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Fundi mzee kastaafu leo. Katuachia mkasi wake na, la maana zaidi, kiti cha dirishani. Mwanga wote wa chumba cha ushonaji unaangukia pale. Mimi nipo kona ya nyuma, kando ya meza ya pasi, na macho yangu siku hizi hayaelewani na uzi mweusi. Wiki iliyopita nilishona mdomo wa mfuko wa suruali ya mteja. Kaja kulalamika mkono hauingii. Nikamwambia ndio mtindo mpya. Hakuamini. Mama mwenye duka naye hakuamini, akasema nikirudia ananitoa kwenye suti, nishone mashuka. Miaka kumi na tisa ya suti, halafu mashuka!

Nikakiendea kiti mbio. Nikamkuta Vifungo keshakaa, mto wake keshauweka. (Fundi mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu akishona huvibana vifungo mdomoni, hata akiongea.) Mama amesema ataamua Jumamosi nani akae wapi.

Jumanne, 5 Machi

Dawa imepatikana! Binti yangu anasomea ualimu. Jana jioni alikuwa anajisomea kwa sauti habari za mbwa. Kengele inalia, mbwa anapewa chakula. Kengele, chakula. Mwishowe kengele ikilia tu, mate yanamtoka. Nikamuuliza kama kwa binadamu inafanya kazi. Akasema inafanya, ila mtu hurudia lile alilotuzwa kwa kulifanya, kwa hiyo uwe makini unamtuza kwa lipi. Hapo mwishoni sikusikiliza sana, nilikuwa natafuta kengele.

Nimefunga kengele ya baiskeli kwenye cherehani yangu. Ikilia, biskuti moja kwenye meza ya pasi. Vifungo atakuja, atazoea, atahamia nyuma mwenyewe na kunishukuru juu yake.

Majaribio matano leo, kaja mara zote tano. Kasoro ni moja tu. Wa kumpa biskuti ni mimi, hivyo akiwa nyuma yeye, nami niko nyuma. Kiti kinabaki kitupu, kinatutazama.

Jumatano, 6 Machi

Kasoro nimeirekebisha. Biskuti niliiweka mezani mapema, nikajisogeza dirishani na kengele mkononi, najifanya natafuta futi. Nikapiga. Vifungo akainuka. Nikakaa! Jamani, mwanga ule. Nilitunga uzi mweusi kwenye sindano mara moja tu, bila kuulamba, bila kuulaani. Nilitamani kulia.

Bahati mbaya Vifungo ana miguu mirefu. Hatua tatu kwenda, tatu kurudi, biskuti shavu hili, vifungo shavu lile. Akaniomba kwa heshima zote niinuke, kwani nimekalia mto wake. Nikainuka. Mimi ni mtu mzima.

Alhamisi, 7 Machi

Kengele imelia, Vifungo hakuinuka. Eti goti linamsumbua. Kisha akakohoa, kikohozi chembamba cha kutia huruma. Nikahofia somo la siku mbili lisiende bure, nikampelekea biskuti pale pale alipokaa. Akasema, "Ahsante sana, kaka. Humu ndani muungwana ni wewe peke yako."

Maneno hayo yamenikaa vizuri mpaka jioni. Kakohoa mara nne zaidi. Goti gani hili linalokohoa?

Ijumaa, 8 Machi

Kengele nimeifungua, haina kazi tena. Kikohozi kinatosha. Biskuti kumi na moja, na "ahsante, kaka" kumi na moja.

Mchana mtu kapita nje na baiskeli, akapiga kengele. Nikajikuta nimesimama, kopo la biskuti mkononi, mdomo umejaa mate. Ajabu. Labda ilikuwa njaa.

Nyumbani nimemsimulia binti yangu jinsi kazi inavyokwenda. Alicheka mpaka daftari likamwanguka. Kisha akaniuliza polepole, "Baba, kati yenu wawili, nani hasa amefundishwa?"

Nikamwambia Vifungo, hilo liko wazi. Kabla ya wiki hii hakuwa na kikohozi kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mwenye duka kaingia asubuhi. Nikawahi kumkaribisha kwa biskuti mbili. Akasema katuangalia wiki nzima. Vifungo habanduki dirishani, basi akae huko huko. Na mimi meza ya pasi naipenda mno, kila saa naikimbilia, basi nibaki nayo.

Niliyaona mashuka yananisubiri, meupe, marefu, hayana mwisho. Sikuwa na ujanja mwingine. Nikamweleza ukweli mbele ya Vifungo: macho, uzi mweusi, mfuko. Akaniuliza kwa nini sikusema tangu Jumatatu. Nikajifanya natafuta futi. Akatoka, akarudi na taa ya mezani kutoka kwake, shingo yake unaikunja unakotaka. Akaiweka kwenye cherehani yangu. Akasema suti ni zangu kama kawaida.

Nimewasha. Uzi mweusi nauona mnene kama kamba! Vifungo mwenyewe kaja kuchungulia, akasema huku nyuma sasa kunapendeza kuliko dirishani. Nimefurahi kupita kiasi. Nimeshona mifuko miwili, yote inaingiza mkono.

Nimekaa natafakari ushindi huu umetokana na nini. Jibu ni rahisi. Biskuti mbili, halafu taa. Mama kafundishika kwa siku moja, tena bila kengele! Elimu ni kitu kikubwa. Jumatatu nampa tatu, tuone kama ataleta na feni.

Kopo lina biskuti moja tu. Hii nimejiwekea mwenyewe, nile na chai, kwa raha zangu, chini ya taa yang—

Vifungo kakohoa. Narudi sasa hivi.