Udi Niliofukiza Kwenye Mtambo wa Majitaka

Leo nimejifedhehesha mbele ya watu tisa waliovaa kofia ngumu. Naandika taratibu, mnivumilie.

Mnajua nafanya usafi kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, huku ndani milimani, mbali na maghorofa ya Dubai mnayopiga nayo picha. Maji ya vyoo vya mji mzima yanakuja kwetu. Yanachujwa, yanasafishwa, yanakwenda kumwagilia miti. Harufu? Mimi siisikii tena. (Ninyi mngeisikia.)

Wakazi walilalamika, kwa hiyo leo wakaguzi walikuja kupima hiyo harufu. Msimamizi wetu ni Kaka Omari, mtu wa Tanga. Sir, yaani bosi wetu mkubwa, alishamwambia kwamba ukaguzi ukipita ndipo atamsainia likizo. Kaka Omari ana binti wa miezi saba ambaye hajamshika hata siku moja. Asubuhi akaniagiza nifagie na nipange viti, wageni wakija wajisikie vizuri.

Hapo akili yangu ikaenda Mombasa. Kwetu mgeni wa heshima hakaribishwi hivi hivi, nyumba hufukizwa kwanza. Na Waarabu wenyewe hufukiza! Nikajiona nina busara. Nikachukua chetezo changu chumbani, nikapuliza makaa, nikatia udi, nikakiweka nyuma ya mlango wa chumba cha pampu, pale panaponuka zaidi. Sikumwambia mtu. (Kusema kwangu ni shida. Kufukiza si shida.)

Saa nne wakafika. Mbele alikuwa madam mmoja wa Kiarabu, ameshika kifaa cha kupimia. Akaingia, akavuta pumzi, akasimama. Akamuuliza Kaka Omari kama leo tuna harusi. Wenzake wakacheka. Nami nikatabasamu, nikidhani amependa.

Kisha akaona moshi.

Kwenye mlango ule kuna bango lenye picha ya kiberiti kilichokatwa kwa mstari mwekundu. Mimi ndiye hulifuta vumbi kila siku. Majitaka hutoa gesi, na gesi ile hushika moto. Nilifundishwa siku ya kwanza kabisa! King'ora kikalia. Tukatolewa wote hadi getini, juani, wakaguzi na makaratasi yao, mpishi na mwiko wake. Chetezo changu kikatolewa kwa koleo refu, kama nyoka.

Madam akatutazama mmoja mmoja. "Nani amewasha moto?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Kisha nikaufunga, nikajibanza nyuma ya mpishi.

"Mimi ndiye msimamizi, madam," akasema Kaka Omari. "Kosa ni langu."

Ukaguzi umeahirishwa hadi mwezi ujao. Likizo nayo, khalas, imekwisha.

Baadaye nilimfuata nikamwambia ni mimi. Hakugomba. Ningefurahi angegomba.

"Najua, mdogo wangu," akasema. "Nani mwingine hapa ana chetezo?"

Kisha akapiga simu kwao. Nilimsikia akimwambia mkewe kwamba ndege zote zimejaa.

Tangu saa nane naandika barua kwa sir, ajue aliyewasha moto ni nani. Nimefika mstari wa tatu, na tayari nimeomba msamaha mara nne. Mwenye Kiingereza cha ofisi anisaidie kwanza, kisha ndipo acheke.