Kamba Iliyoogopwa na Kiwanda Kizima

Jumatatu, 3 Machi
Meneja mgeni amechoka nasi. Kiwandani kwao, mtu akiona feni ina kasoro anavuta kamba, mkanda unaopitisha feni unasimama, kosa linarekebishwa. Hapa miezi miwili kamba haijaguswa! Nani avute? Ukivuta umemuumbua aliyekutangulia kwenye mkanda, tena mbele ya watu wote. Anayenitangulia ni shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye hukaza skrubu, mimi nafunga kifuniko. Leo meneja katangaza: atakayevuta kamba mara nyingi wiki hii ndiye msimamizi. Aibu nimeiweka pembeni. Nimempigia simu kabisa mama mkwe, nikamwambia cheo nimeshapata. Kapiga vigelegele hadi simu ikakoroma.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi nimevuta mara mbili tu. Shemeji anakaza skrubu kama anazikomoa! Wakati wa chai nikabaki peke yangu na bisibisi. Nikalegeza skrubu zake sita. Mchana: kamba, kamba, kamba! Meneja kanipa mkono. Nyumbani mke wangu kashapata habari kwa kaka yake. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimevuta mara kumi na nne! Wapakiaji wananiita Bwana Kamba. Wivu tu. Shemeji kaanza kuchora mstari wa chaki kutoka kila skrubu anayokaza hadi kwenye bati la feni. Nikamuuliza tangu lini amekuwa mwalimu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Skrubu ikilegezwa, mstari wa chaki unakatika. Kwenye feni nilizovutia kamba, yote imekatika. Meneja kauliza skrubu zinalegeaje kwa safari ya hatua moja, toka kwa shemeji hadi kwangu. Jasho likanishuka hadi kwenye soksi. Shemeji akadakia: eti meza yangu inatikisika, ndiyo inayozilegeza. Meza ile? Imara kuliko nyumba yangu! Meneja kasema Jumatatu ataikagua mwenyewe. Kisha shemeji akamweleza kwa nini watu hawavuti kamba. Meneja kaandika kurasa tatu, kamba ikakatwa. Sasa tunakaa wawili wawili, unamwonyesha mwenzako kosa kwa sauti ya chini. Msimamizi: shemeji!

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kaja kunipongeza kwa usimamizi, akakuta msimamizi ni mwanawe. Shemeji kamwambia mimi ndiye niliyempendekeza. Nikabarikiwa kichwani mbele ya mke wangu. Uchungu ulioje! Kisha shemeji kaninong'oneza nisirudie tena, yameisha.

Yameisha? Huyu ananiogopa! Kesho nitakwenda kiwandani kuikaza miguu ya meza, isitikisike hata akiikalia tembo. Jumatatu meneja aikague, amwone shemeji alivyo mwongo. Halafu nimsikie atakavyoeleza nani alilegeza zile skrubu.